Walisema Sina Nyumba

Tulifika na maiti ya mume wangu Okeyo kwao Homa Bay asubuhi, na kabla sijateremka garini vizuri, kakake mkubwa, Obonyo, alinishika kiwiko akanipeleka nyuma ya jiko. Alikuwa na mzee mmoja wa kanisa lao, mtu mpole aliyeletwa, nadhani, ili mimi nisipandishe sauti. Nilifikiri wananiita kunipa pole. Nilikuwa nimesafiri kutoka Migori nimekaa kando ya jeneza, leso imenikauka begani, na kama mtu angenipa pole saa ile ningemshukuru hata kama ni Obonyo. Badala yake alitazama pembeni, kwenye kuku waliokuwa wakichakura, akaniambia kwamba wanawake wa boma watakaa na mwili, na mimi nimetengewa kiti kwenye hema pamoja na wageni. Nikamuuliza, wageni gani?

"Nyar Kuria, wewe tunakuheshimu," akasema. Nyar Kuria ni binti wa Wakuria, ndivyo walivyoniita tangu siku ya kwanza, kana kwamba sikupewa jina la Boke nilipozaliwa. "Lakini hapa kwetu huna nyumba. Mwanamke hawezi kulilia bwana kwa boma hana nyumba. Si mimi nimesema, ni mila."

Sikumjibu papo hapo, na kimya changu akakichukua kuwa adabu. Mzee wa kanisa akaongeza maneno ya faraja ambayo sikuyasikia. Nilikuwa nimeshatoka pale nyuma ya jiko, nimerudi mwaka ule tulioishi mashuani, kwa sababu kila neno alilolisema Obonyo asubuhi ile lilikuwa na mwenzake alilolisema mwaka ule, na hayo mawili hayawezi kuwa kweli yote. Sitaeleza hapa nilizaliwa na nani wala tulikuwa wangapi. Yeyote anayetaka ukoo wangu aende Ntimaru akaulize. Nitaeleza mwaka mmoja tu, kwa maana ndio walionipora mbele ya macho yangu huku wakinipa kiti cha plastiki.

Nilikuwa msichana wa biashara. Nilikuwa nikitoka Ntimaru na ndizi na mahindi, nashuka hadi Muhuru kwenye ziwa, nanunua omena, wale dagaa wa ziwani, na kwenda kuziuza kwetu milimani. Safari ile nilifika nikakuta ufuo umekufa. Omena ilikuwa imefungwa. Kila mwaka serikali hufunga uvuvi wa omena kwa miezi kadhaa ili samaki wazaane, na wakati huo mashua huvutwa juu ya mchanga, nyavu huanikwa kwenye miti, na wanaume hukaa kivulini wakicheza bao na kugombana kwa sababu hawana la kufanya. Okeyo peke yake ndiye hakuwa amekaa. Alikuwa ameinama juu ya mashua akishona magunia ya unga kuwa tanga. Mashua ile ilikuwa ya ndugu wawili: Obonyo alitoa mbao, Okeyo alitoa jasho, na kila mtu ufuoni alijua ni nani kati yao aliyejiita mwenye mashua. Nilimuuliza anashona nini na samaki wamefungwa. Akasema samaki wamefungwa lakini upepo haujafungwa, na watu wa visiwani wanakula mahindi msimu wowote. Kisha akanitazama mimi na magunia yangu ya mahindi ambayo hayakuwa na mnunuzi, na nikaona wazo linamwingia usoni.

Wavuvi walimkanya. Mwanamke hapandi mashua ya kuvulia, wakasema, samaki hukimbia. Hilo si neno dogo kwenye ufuo ule. Nimeona mwanamke akitukanwa kwa kushika tu ubavu wa mashua akisubiri kununua. Okeyo akawajibu kwamba hii kwa sasa si mashua ya kuvulia, ni gari la mahindi, na kama omena imefungwa basi hata mwiko wake umefungwa. Wakacheka. Nami nikacheka, nikapanda. Nikikumbuka kicheko kile leo nauma meno, maana ni mimi niliyekuja kukilipia.

Akina mama wa chama chetu pale Migori, nikiwaambia kwamba mimi na mume wangu tuliwahi kuzunguka ziwa kwa tanga, hupiga makofi na kusema hayo ndiyo mapenzi, wazungu hulipa pesa nyingi kwa hayo. Mimi huwaacha waseme. Mashua ilikuwa imeshika harufu ya omena hata baada ya kuisugua kwa majivu, na harufu ile iliingia kwenye nywele zangu, kwenye unga, kwenye sukari. Sehemu ya mbele tuliifunika kwa turubai, na hapo ndipo tulipolala, juu ya magunia, magoti yamekunjwa kwa kuwa mbao za mkingamo zilituzuia kunyoosha miguu. Jiko la makaa lilikaa ndani ya karai lenye mchanga ili lisichome mbao. Nilijifunza kusonga ugali nimepiga magoti, nikibana sufuria kwa mapaja na kitambaa, huku mashua ikinyanyuka na kushuka. Tulikula mgongo wazi, yale mafupa ya sangara yaliyobaki baada ya viwanda kuchukua nyama, nikiyakaanga mpaka yanavunjika mdomoni. Tulikula nyoyo, mahindi na maharagwe, asubuhi na jioni, tukanywa chai ya ndimu kwa sababu maziwa yalikuwa nchi kavu kwa watu wenye ng'ombe. Maji yalipenya kila mahali na kila siku mmoja wetu aliyachota na kuyamwaga. Mvua ilipotukuta katikati tuliteremsha tanga na kujifunika nalo, tukakaa chini yake mgongo kwa mgongo, yeye akiniimbia nyimbo za kanisa kwa Kijaluo. Nilikuwa na furaha. Nasema wazi, kwa kuwa watu wanaponiona na hasira hudhani sikuwahi kuwa na furaha.

Tulikuwa tukisema Kiswahili sisi wawili, kile cha sokoni, kwa sababu yeye hakujua Kikuria na mimi sikujua Kijaluo zaidi ya bei ya samaki. Alinifundisha kwa kunyoosha kidole. Pi, maji. Yamo, upepo. Yie, mashua. Tulipofika Karungu tukauza mahindi yote, na jioni akanunua mkate na soda, jambo lililonishangaza kwa mtu aliyekuwa akipima hata chumvi. Tulikaa kwenye mawe tukila. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Iyie?" Nikafikiri anaulizia mashua. Nikageuka nikaitazama, nikaona kamba iko sawa, nikamwambia, "Nimeshaifunga." Akaniuliza tena, "Boke, iyie?" Nikakasirika kidogo, nikamwambia aende aiangalie mwenyewe kama haniamini, nimeifunga vizuri kwenye mwamba na haiendi popote. Akacheka mpaka soda ikamtoka puani. Ndipo nikaelezwa kwamba kwao neno la mashua na neno la kukubali ni hilo hilo moja, na kwamba alikuwa akiniuliza kama nimekubali kuolewa. Nilimwambia jibu langu ni lile lile. Akanipa neno la kusema, ayie, nimekubali, nikalisema. Akaniahidi kwamba tukifika Homa Bay atanijengea nyumba kwenye boma lao, kwa maana kwao mwanamke bila nyumba ni mpita njia, na yeye hataki niitwe hivyo na mtu. Alijua. Hilo ndilo linaloniua mpaka leo, kwamba alilijua na alilisema kwa mdomo wake.

Tukaondoka kwenda kwao. Siku hizo pale Mbita, kati ya nchi kavu na kisiwa cha Rusinga, njia ilikuwa imezibwa kwa mawe na udongo, mashua haipiti, kwa hiyo ikabidi tuzunguke kisiwa chote kwa nje ambako mawimbi hayana huruma. Tulizunguka kwa kungoja upepo wa mchana na kujibanza kwenye vighuba asubuhi. Tulipoingia ndani ya ghuba tukadhani tumemaliza, na hapo ndipo magugu maji yalipotufunga. Yalikuwa yametanda kijani hadi mjini, mazito kiasi kwamba ndege walitembea juu yake. Tukanasa mahali ambapo tuliona mapaa ya Homa Bay waziwazi na tukasikia kengele ya shule, lakini hatukuweza kusonga mbele wala nyuma. Watu walikuja ufuoni kututazama. Habari zikapanda kilimani kwamba Okeyo yuko kwenye magugu na mwanamke ndani ya mashua ya Obonyo. Upepo ulipogeuka na kuyasukuma magugu upande wa pili, sisi tukiwa tumebaki na chai kavu tu, Obonyo alikuwa amesimama ufuoni anatusubiri. Aliitazama mashua kwanza, kisha akamtazama nduguye, na mimi akanitazama mwisho.

Walitukaribisha vizuri, nisiwasingizie. Sebule ya mama mkwe ilikuwa na viti vyenye vitambaa vya kufuma, chupa ya chai yenye maua, na redio iliyofunikwa kama mtoto. Alichinja kuku. Alinishika mkono akaugeuza, akaona malengelenge ya kamba, akanipakulia zaidi. Lakini jua lilipoanza kushuka likazuka swali la mahali pa kulala. Kwa mila yao, mwana na mkewe hawalali nyumba ya mama, wala nyumba ya kaka. Kijana hujenga simba, kibanda chake kwenye boma la babake, na simba ya Okeyo ilikuwa imeanguka kwa mvua wakati yeye yuko Muhuru. Wazee wakajadiliana. Mwishowe ni Obonyo aliyesema tukalale kule kule tulikokuwa tukilala, mpaka nyumba ijengwe. Basi tukawa tunapanda bomani mchana kula na kulima, na jioni tunateremka ufuoni kulala kwenye mashua, na boma zima likijua na kuona ni sawa.

Nikawa nikiosha vyombo nyuma ya jiko, wale wake za ndugu zake wanazungumza ndani wakidhani Kijaluo hakijanifikia. Kilikuwa kimenifikia. Nilikuwa nimekaa chini ya tanga na mwalimu wangu muda wa kutosha. Mmoja alisema mimi ni mwanamke wa jaboya tu, wale wanaolala na mvuvi ili wapewe samaki. Mwenziwe akauliza, samaki gani, na omena imefungwa? Wakacheka. Niliendelea kuosha sufuria. Jioni nilimwambia Okeyo aanze nyumba kesho, hata kama ni ya udongo na nyasi. Akasema subiri omena ifunguliwe, nivue kwanza, nipate mabati. Akanisihi nisiwe na haraka, ndugu zake wanahitaji kunizoea.

Omena ikafunguliwa. Obonyo aliajiri wavuvi wanne, wakaja ufuoni na taa na nyavu, sisi tukiwa tumetoa vitu vyetu na kuisugua mashua hadi mikono ikachubuka. Wavuvi walifika wakasimama mbali. Mmoja akachungulia ndani, akaona alama ya karai kwenye mbao, akarudi nyuma akamnong'oneza Obonyo. Hawataipanda, wakasema, mwanamke amelala humo. Nilimwona Obonyo akihesabu hasara yake kichwani, nikajua hasara hiyo itatafutiwa mtu wa kuibeba. Alisema kwa sauti ya kusikika ufuo mzima, kwa Kiswahili, ili nami nisikose hata neno.

"Hii si boti tena. Hii mmefanya nyumba. Jiko ilikuwa ndani, kitanda ilikuwa ndani, bibi alikuwa ndani. Nani atavua samaki na nyumba ya mtu?"

Wanawake waliokuja na makarai yao kungoja samaki walinitazama kama niliyewanyang'anya chakula. Mimi nilimtazama Okeyo. Nilingoja aseme kwamba ni wewe, kaka, uliyetuambia tulale humo. Nilingoja aseme lolote. Alikuwa ameshika kamba, anaikunja, anaikunjua, anaikunja tena kwa uangalifu mkubwa. Mashua ikauzwa kwa watu wa kubeba mchanga, Obonyo akachukua pesa yote kufidia msimu, na sisi tukaondoka Homa Bay kabla mwaka haujaisha, tumebeba godoro na karai.

Tulipanga chumba Migori. Okeyo akaenda Masara kuchimba dhahabu, akatoka na kifua kibovu na ng'ombe wa mahari. Aliwapeleka Ntimaru mwenyewe, kwa kuwa ndugu zake walialikwa wakasema wana kazi shambani. Kwa hiyo kwao ng'ombe wale hawakuwahi kutoka. Baadaye akawa fundi wa milango ya chuma, na nusu ya milango ya mtaa wetu ni ya mkono wake. Hatukujaliwa watoto. Kila Desemba nilimuuliza habari ya nyumba ya Homa Bay na kila Desemba alisema mwaka ujao, acha Obonyo apoe. Obonyo hakuwa na joto lolote. Alikuwa ameshasahau, kama anavyosahau mtu aliyekukanyaga mguu. Ni Okeyo aliyekuwa bado amesimama ufuoni anakunja kamba. Mwezi uliopita alianguka kwenye karakana yake, na alipofikishwa hospitali alikuwa ameshaenda.

Basi pale nyuma ya jiko, sauti iliponirudia, nilimwambia Obonyo, "Mzee, ni wewe ulisema ile boti ni nyumba. Ulisema mbele ya watu, kwa Kiswahili. Kama ilikuwa nyumba, ni ya nani?"

Alinitazama kwa mara ya kwanza tangu nifike. "Hayo ilikuwa maneno ya beach," akasema. "Usilete maneno ya beach kwa matanga."

Mzee wa kanisa akasema tuwe na amani. Nikaenda kukaa kwenye hema, kwenye kiti chao cha plastiki, na hapo ndipo nilipoona kitu ambacho sikukitegemea. Kumbe tatizo la nyumba halikuwa langu peke yangu. Okeyo naye hakuwa na nyumba pale, na mwanamume mzima kwao hazikwi bomani bila nyumba yake kusimama. Ni aibu, ni mkosi kwa wadogo zake. Kwa hiyo pikipiki zikatumwa mjini, zikarudi na mabati na fito, na vijana wakaanza kugongomea mbele yangu. Walichimba mashimo, wakasimamisha nguzo, wakaezeka, wakatundika mlango. Obonyo mwenyewe alishika futi, akakaripia kwamba kona haijanyooka. Nyumba niliyoomba tangu usichana wangu, niliyoambiwa haina pesa, haina wakati, haina amani, ilimalizika kabla ya chakula cha mchana kuiva. Wakaingiza jeneza ndani, wanawake wa boma wakaingia nalo wakilia. Mimi nikaletewa soda.

Wakati wa ibada mzee wa kanisa alisoma maisha ya marehemu. Alisema katika ujana wake Okeyo alikaa ziwani mwaka mmoja na wavuvi wenzake. Na wavuvi wenzake. Nilishika kiti kwa mikono miwili nisisimame. Na nilipokitazama kile kichumba cha mabati kinavyong'aa, nikajua kwamba Obonyo namchukia tu, hilo ni jambo jepesi na nimelizoea, lakini hasira yenyewe, ile inayonikosesha pumzi, ilikuwa ya yule aliyelala ndani. Mtu aliyetengeneza milango ya nusu mtaa. Angenijengea hata hiki. Ilikuwa kazi ya asubuhi moja.

Walimzika kando ya nyumba yake. Watu walipoenda kupanga mstari wa chakula, nilichukua begi langu garini, nikavuka uwanja mbele ya macho yao wote, nikaingia ndani ya kile chumba na kufunga mlango. Sakafu ilikuwa udongo mbichi wenye alama za vigoda vilivyoshika jeneza. Nikatandika leso, nikakaa. Haikupita muda, kukawa na hodi.

"Nani yuko ndani?" Ilikuwa sauti ya Obonyo.

"Mwenye nyumba."

Nikasikia anahema. "Hiyo ni ya marehemu," akasema. "Haikai mtu. Tunaibomoa."

Niko humu bado. Mchana mabati huwaka moto, na asubuhi jasho la paa hunidondokea. Dada zangu wananipigia simu kutoka Ntimaru wakiniambia nirudi nyumbani, nami nawaambia niko nyumbani. Mama mmoja jirani huniletea uji na hasemi kitu. Juzi Obonyo alikuja na vijana wawili na nyundo, wakasimama nje wakizungumza kwa sauti ya chini, kisha wakaondoka, wakasema watarudi. Waje. Mlango haujafungwa kwa ufunguo, wausukume tu waingie, wanikute nimekaa, halafu Obonyo awaambie wale vijana kwa mdomo wake waanzie wapi kubomoa.